Kilomita 42 mke na mume kwa ajili ya kifafa: tulivyojiandaa, fedha zilikokwenda, na kwa nini tulikimbia wawili

Mke wa Mkimbiaji (mwanzisha uzi):

Wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Mwaka huu mimi na mume wangu tulikimbia mbio ndefu za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi ili kuchangisha fedha kwa ajili ya watu wenye kifafa. Mume wangu anaishi na kifafa tangu alipokuwa sekondari. Ndugu kadhaa waliotuchangia wameniomba nieleze kwa maandishi tulivyojiandaa, fedha zilikokwenda, na kwa nini tuliona ni lazima tukimbie wawili. Mume wangu ameridhia, naye ameyasoma maelezo haya kabla sijayaweka hapa.

Mbio za hisani si jambo geni kwetu. CRDB Marathon imechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na NBC Dodoma Marathon imechangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mgonjwa wa moyo au wa saratani huonewa huruma, huombewa, na jamaa zake hujitokeza hadharani kumsemea. Kifafa kina mzigo wa ziada, kwa sababu humfuata mtu hadi kwenye posa. Wazee wanapotumwa kuuliza habari za ukoo, kifafa ni miongoni mwa mambo ya awali wanayoyauliza, na ziko familia ambazo humfungia mgonjwa chumba cha ndani siku wageni wanapokuja. Hata Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 39, inakitaja kifafa sambamba na wazimu miongoni mwa sababu zinazoweza kuifanya ndoa ibatilishwe.

Kwa hiyo tulipoamua kukimbia, tulikubaliana kwamba watu watuone kama wanandoa. Mgongoni mwa fulana yake ya zambarau tuliandika NINA KIFAFA, na mgongoni mwa yangu MIMI NI MKEWE. Zambarau ndiyo rangi ya kifafa duniani, na mwaka 2008 Cassidy Megan, msichana wa Nova Scotia nchini Kanada aliyekuwa na kifafa yeye mwenyewe, alianzisha siku ya kukizungumzia kila tarehe 26 Machi. Mbio za Moshi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, yaani kati ya siku hiyo na Siku ya Kimataifa ya Kifafa ambayo huangukia Jumatatu ya pili ya Februari, hivyo tulikuwa na wiki kadhaa za kuzungumza na watu bila kuonekana tunalazimisha habari.

Katika kuchangisha, tuliirudia kamati iliyosimamia harusi yetu. Kila Mtanzania anajua kamati ya harusi inavyofanya kazi: kadi, ahadi, vikao vya Jumapili jioni, na mweka hazina asiyechoka kupiga simu. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mjomba wangu, alipendekeza watu waahidi kiasi fulani kwa kila kilomita tutakayoimaliza sote wawili, na ikiwa mmoja ataishia njiani, hesabu isimame pale alipoishia. Sharti hilo lilitufunga pamoja barabarani, maana hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake bila kupunguza mchango. Pia liliwafanya wachangiaji waulize maswali ambayo wasingeuliza katika mchango wa kawaida. Shangazi mmoja aliyecheza kwenye harusi yetu hadi usiku wa manane hakuwa amewahi kutamka neno kifafa mbele ya mume wangu hadi siku aliyopokea kadi.

Maandalizi yetu yaliongozwa na usingizi kuliko kitu kingine chochote. Klabu nyingi za jogging za Dar es Salaam hukutana alfajiri, na kwa mtu mwenye kifafa kukatisha usingizi mara kwa mara ni kukaribisha kuanguka. Kwa hiyo tulikimbia jioni baada ya kazi, mara nyingi kupita Daraja la Tanzanite, na mwisho wa juma tulikwenda vilima vya Pugu kwa sababu njia ya Moshi ina mlima. Dawa alimeza saa zilezile asubuhi na jioni, hata siku za mbio ndefu. Tulisafiri kwenda Moshi kwa basi la mchana, tukafika mapema ili alale usiku wa kutosha kabla ya siku yenyewe. Nyuma ya namba yake ya kifuani tulibandika kadi ndogo ndani ya nailoni yenye jina lake, jina la dawa anayotumia, namba ya simu ya ndugu aliyekuwa uwanjani, na maelekezo ya kumsaidia iwapo ataanguka.

Nusu ya kwanza ya njia, inayotoka mjini kufuata barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam na kurudi, ni tambarare na haina la kusimulia. Kazi ilianza tulipogeukia Mweka. Kule juu, penye migomba na mibuni, bibi mmoja aliyesimama na wajukuu zake pembeni ya barabara alisoma mgongo wa mume wangu kwa sauti, kisha akasoma wangu, akatuita turudi. Tulirudi hatua chache. Alimshika mume wangu mkono akamuuliza kama ni kweli. Alipojibiwa kuwa ni kweli, akaniuliza mimi kama nilijua kabla ya ndoa. Nikamwambia nilijua, yeye mwenyewe aliniambia. Bibi akawageukia wajukuu akawaambia kwa Kichaga maneno ambayo hatukuyaelewa, lakini mtoto mkubwa kati yao alikimbia nasi hadi kona iliyofuata. Tulimaliza pamoja, mchana jua likiwa kali, na ahadi zote za kilomita zikahesabiwa kamili.

Kwa wasiofahamu ukubwa wa jambo hili: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangechunguzwa na kupewa dawa ipasavyo, lakini katika nchi maskini takriban robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba hiyo. Mume wangu yumo miongoni mwa waliobahatika kupata dawa iliyomfaa. Tulikimbia kwa ajili ya wale ambao hawajaipata.

Mzee wa Kibosho:

Hongera, mwanangu, nawe umpe mumeo pongezi zangu. Hata hivyo, nina mashaka na ninayasema kwa nia njema. Mtoto wa marehemu kaka yangu aliwahi kuanguka shambani wakati wa kulima juani, na tangu siku hiyo tulimkataza kazi ngumu. Je, uchovu, jua na kupumua kwa nguvu havichochei kifafa? Nachelea kijana mwingine asome habari hii, avae viatu na kwenda kuanguka barabarani ambako hakuna anayemjua.

Mke wa Mkimbiaji:

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kuuliza bila kuzunguka. Nasi tulimpelekea daktari swali hilihili kabla ya kujiandikisha.

Shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa lilitoa mwongozo kuhusu michezo na kifafa mwaka 2016, likaigawa michezo katika makundi kulingana na hatari inayomkabili mchezaji na watu walio karibu naye endapo ataanguka. Riadha, isipokuwa kuruka kwa upondo, imo katika kundi lenye hatari ndogo kuliko yote. Ni tofauti na kuogelea au kupanda miamba, ambako kupoteza fahamu kwa sekunde chache kunaweza kuua. Kuhusu kupumua, ni kweli kwamba hospitalini, mgonjwa anapofanyiwa kipimo cha umeme wa ubongo, huambiwa apumue haraka na kwa kina akiwa ameketi, kwa sababu kufanya hivyo kunaweza kuamsha baadhi ya aina za kifafa. Anayekimbia yuko katika hali nyingine: mwili wake unafanya kazi na kuzalisha hewa chafu ambayo pumzi zinaitoa, kwa hiyo hewa hiyo haipungui kupita kiasi mwilini mwake kama inavyopungua kwa aliyeketi. Kwa wagonjwa walio wengi mazoezi hayachochei kuanguka, ingawa wapo wachache ambao huwachochea, na ndiyo sababu mtu aanze na daktari wake.

Yapo mambo mawili yaliyotushughulisha zaidi kuliko jua. La kwanza ni maji. Mkimbiaji anayekunywa maji mengi kupita jasho analotoa hushusha chumvi ya damu, na chumvi ikishuka sana hata mtu asiye na kifafa hupata degedege. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 mwishoni mwa Boston Marathon ya mwaka 2002 walikuta asilimia 13 wameshuka chumvi ya damu. Mume wangu anatumia kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo yenyewe inaweza kuishusha chumvi hiyo, hivyo alipimwa damu kabla ya mbio, na siku yenyewe alikunywa kwa kadiri ya kiu na kula vitu vyenye chumvi njiani. La pili ni dozi. Asiyekuwa na uhakika wa dawa zake, au ambaye bado anaanguka mara kwa mara, asianze na kilomita 42. Aanze kutembea na mtu anayejua la kufanya.

Kuhusu kijana wenu, mzee wangu, naomba aonwe tena na daktari kabla ya kukatazwa kazi maisha yake yote. Huenda siku ile dawa ilikuwa imemwishia. Diane Van Deren wa Marekani alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1997 kwa sababu ya kifafa kilichoshindikana kwa dawa, na mwaka 2008 akashinda mashindano ya maili 300 katika baridi ya Yukon. Simtaji ili kila mtu amwige, kwa maana yeye ni wa aina yake. Namtaja kwa sababu mwili wenye kifafa si mwili dhaifu.

Muuguzi wa Ulanga:

Dada, nimefurahi, lakini nataka kujua fedha hizo zilinunua nini. Sisi tuliofanya kazi Mahenge tunakijua kifafa kwa karibu. Dkt. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alianzisha kliniki ya kifafa hapa mwaka 1960, na alikuwa wa kwanza kueleza kitaalamu ugonjwa unaowafanya watoto waangushe kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, hali ambayo baadaye ilionekana pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Leo inafahamika kuwa eneo lenye usubi mwingi, yaani ugonjwa wa macho na ngozi unaoenezwa na inzi wa mtoni, huwa na kifafa kingi, na ndiyo sababu ugawaji wa ivermektini, dawa ya usubi, ni muhimu kwa watu wetu hata kabla hatujafika kwenye dawa za kifafa zenyewe.

Tatizo ninalokutana nalo ni dawa kuisha. Mgonjwa anatembea mchana kutwa kufuata fenobabito, dawa ya kifafa, anaambiwa arudi mwezi ujao. Anayeacha dawa hiyo ghafla hubaki katika hatari kubwa kuliko mwanzo, kwa kuwa anaweza kupata degedege lisilokoma. Nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo, tena wengine wakiwa na majeraha ya moto kwa kuangukia jikoni. Fulana na mabango ni mazuri, lakini havimezwi.

Mke wa Mkimbiaji:

Ndugu muuguzi, nakubaliana nawe neno kwa neno, na ndivyo kamati ilivyoamua. Fulana za zambarau zilikuwa mbili tu, yake na yangu, nazo tulizigharimia wenyewe. Wachangiaji waliotaka fulana waliombwa wavae zambarau yoyote waliyokuwa nayo kabatini.

Sehemu kubwa ya fedha imewekwa katika akiba ya dawa kwenye kliniki moja ya wilaya ambayo daktari wake alikubali kufanya kazi nasi. Mpango ni rahisi. Kliniki inaendelea kupokea dawa za serikali kama kawaida, na akiba yetu inaguswa pale tu shehena inapochelewa, halafu inajazwa tena. Tulichagua fenobabito na kabamazepini kwa sababu ndizo zinazotumiwa na wagonjwa wengi pale. Fenobabito inatumika duniani tangu mwaka 1912, na Shirika la Afya Duniani linasema dawa za kifafa za mwaka mzima kwa mtu mmoja zinaweza kugharimu kiasi kidogo cha dola tano tu za Marekani. Bei hiyo ni ndogo kuliko mchango wa kawaida wa harusi, na tulipowaeleza wachangiaji hivyo wengi waliongeza ahadi zao. Kikwazo tulichokutana nacho ni kwamba fenobabito imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa, hivyo haiwezekani kununua katoni na kuipeleka kijijini kwa gari la mtu binafsi. Manunuzi yote yalipitia kwa mfamasia wa kliniki, na stakabadhi anazo mweka hazina. Mchangiaji yeyote anaweza kuziomba.

Sehemu iliyobaki ililipia vipindi vya redio na semina ya walimu wa shule za msingi. Hapo tulisisitiza mambo ya kutenda. Anayeanguka aondolewe karibu na moto, maji na vitu vyenye ncha, alazwe ubavu, awekewe nguo laini chini ya kichwa, asishikwe kwa nguvu, na kamwe asitiwe kijiko wala kidole mdomoni. Mtu aangalie saa. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Tulisema pia waziwazi kwamba povu haliambukizi, na kwamba hewa inayomtoka mgonjwa haiambukizi. Mwalimu mmoja alisimama akasema kuwa darasani kwake watoto hukimbilia nje mwenzao anapoanguka kwa sababu ndivyo walivyofundishwa nyumbani, na kwamba yeye mwenyewe huwa anakimbia nao. Tulimshukuru mbele ya wote, kwa sababu maneno yake yaliwafungua wengine kuzungumza.

Mwanasheria wa Dodoma:

Naomba niongeze ufafanuzi kuhusu kifungu cha 39 ili wasomaji wasiogope kupita kiasi. Kifungu hicho hakimkatazi mtu mwenye kifafa kuoa au kuolewa. Ndoa yake ni halali na hubaki halali isipokuwa mahakama iibatilishe kwa maombi ya mwenzake, na mwombaji anatakiwa kuionyesha mahakama kwamba wakati wa kufunga ndoa hakujua hali hiyo, pamoja na masharti mengine ya muda. Aliyeambiwa ukweli mapema hawezi kurudi baadaye na kudai kuwa alidanganywa. Kwa maoni yangu, kukitaja kifafa pamoja na wazimu katika sheria ya mwaka 1971 kulitokana na uelewa wa wakati ule, na ningependa kuona Bunge linakiondoa.

Mke wa Mkimbiaji:

Asante sana, ndugu mwanasheria. Ombi la kukiondoa kifafa katika kifungu hicho tunaliunga mkono, na kamati imekubali liwe sehemu ya ujumbe wetu wa mbio zijazo. Mpango wa kimataifa uliopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani mwaka 2022 kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu unazitaka nchi zirekebishe sheria zao ili zilinde haki za watu wenye kifafa, kwa hiyo hatutakuwa tunaomba jambo la ajabu.

Mama wa Mbagala:

Dada yangu, nimesoma uzi huu wote. Binti yangu ana kifafa na anatumia dawa, hajaanguka kwa muda mrefu. Amepata mchumba, na wazee wa upande wa pili watakuja kwa kikao cha mahari. Dada zangu wananiambia ninyamaze hadi ndoa ifungwe, kwa sababu kijana atakimbia, na wengine wanasema wajukuu watarithi. Sijui nifanye nini.

Mke wa Mkimbiaji:

Pole mama yangu, na hongera kwa binti kutunza dawa zake hadi hapo alipofikia. Nitakujibu kama mtu aliyekuwa upande wa kijana huyo.

Mume wangu aliniambia kabla hajatuma mshenga. Alinieleza huanza vipi, hudumu kwa muda gani na anapenda asaidiweje, kisha akanipa nafasi ya kufikiri. Niliogopa, nisiseme uongo. Lakini kilichonitia moyo ni kwamba nilikijua kifafa kutoka kwake mwenyewe. Kama ningekiona kwa mara ya kwanza usiku tukiwa wawili chumbani, bila kujua nifanye nini, ningedhani anakufa, na asubuhi yake ningejiuliza amenificha nini kingine. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba binti amwambie mchumba wake mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla ya wazee kuketi. Ninyi wazazi mseme baadaye. Akikimbia, ni heri akimbie sasa kuliko akiwa na cheti cha ndoa na wakili.

Kuhusu wajukuu, watu wengi wenye kifafa huzaa watoto wasio na kifafa. Uwezekano wa mtoto kukipata huongezeka kidogo tu kuliko kwa watoto wengine, hutegemea chanzo, na kwa takriban nusu ya wagonjwa duniani chanzo hakijulikani. Vingine hutokana na mambo yasiyo ya ukoo kabisa, kama shida wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, minyoo ya tegu wa nguruwe au ajali. Lililo muhimu kwa binti ni kumwona daktari kabla hajashika mimba ili dawa yake iangaliwe, hasa ikiwa ni valproeti, ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kupangiwa asidi ya foliki mapema. Asibadilishe wala kuacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, hata akisikia nini.

Mume wangu amesoma ujumbe wako jioni hii. Anasema yuko tayari kuonana na kijana huyo, wanaume wawili wakae wazungumze, amuulize chochote anachotaka kuuliza, na mimi nitazungumza na binti. Sisi tunaishi Tabata, hatuko mbali nanyi. Niandikie kwa ujumbe wa faragha unitajie siku ya kikao ili tuje kabla yake.